Sauti ya Kuozeshea

Daktari alisema mengi, lakini nyumba ya Mzee Abdulmalik pale Rahaleo, Mtwara, ilishika mawili tu: kesho asubuhi anapasuliwa koo, na akitoka chumba cha upasuaji hatakuwa na sauti tena. Mengine yote, uvimbe umeanzia wapi na umefika wapi, waliwaachia wenye makoti meupe.

Ndoa ya binti yake Subira ilikuwa ifungwe baada ya msimu wa korosho. Mzee akaivuta mbele. Kutoka kitandani hospitalini Dar es Salaam, kwa mnong'ono uliobaki, alimwagiza mkewe Hamisa awaambie watu wa nyumbani kwamba ndoa ifungwe leo alasiri, kabla ya kisu, na kwamba atamwozesha mwanawe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Ndugu wakamkumbusha kuwa sheria ina nafasi ya wakala; amteue mdogo wake au amwachie sheikh, yaishe.

"Naijua sheria," akajibu kupitia kwa Hamisa. "Lakini sauti hii kazi yake kubwa sijaifanya bado. Mmekula?"

Ndivyo alivyokuwa. Angepiga simu kuuliza mvua ya shambani Mpapura, angepiga kutangaza msiba, neno la kwanza au la mwisho lilikuwa hilo: mmekula? Asipojibiwa haendelei. Aliuliza hivyo hata wiki hizi ambazo yeye mwenyewe alikuwa hamezi kitu ila uji mwepesi, tena kwa machozi.

Tatizo likawa simu. Simu za siku hizi zimefundishwa kupambana na kelele, na sauti ya Mzee ilikuwa imefikia mahali ambapo simu inaihesabu kuwa kelele. Hamisa alikuwa anamsikia vizuri pale pembeni ya kitanda, lakini huku Rahaleo kilichofika ni kimya, halafu mtu anakohoa, halafu kimya. Mama yake Mzee, Bibi Mwanaisha, aliibana simu sikioni mpaka sikio likawa jekundu, asiambulie kitu.

"Mtoto wangu anasema na mimi simsikii," akalalamika. "Sasa hiyo ndiyo simu gani?"

Hapo ndipo macho ya nyumba nzima yalipomgeukia Asadi, kaka yake Subira. Asadi na mwenzake Joshua walikuwa wamepanga chumba kule Chuno, na humo walikuwa wanatengeneza programu ya kutangazia mechi za mitaani moja kwa moja kwenye simu. Kwa miaka miwili watu wa Rahaleo walikuwa wakimuuliza kazi yake hasa ni nini, na hakuna aliyewahi kungoja amalize kujibu. Programu yao haikuchuja kelele. Si kwa hekima, ni kwa sababu hawakuwa wamefika huko. Iliichukua sauti kama ilivyo, na kuku wa jirani humo humo. Kwa mara ya kwanza upungufu huo ukawa na faida.

*

Asubuhi hiyo walifanya majaribio sebuleni. Hamisa alikuwa ameshawekewa programu kwenye simu yake. Joshua, kijana wa Masasi asiyejua kuzunguka maneno, alikaa sakafuni na kompyuta mapajani.

"Tunatumia UDP," alisema. "Hapa hakuna cha kujadili."

Asadi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Bibi ndiye aliyetaka kueleweshwa, na Asadi akatafuta mfano wa nyumbani.

"Bibi, sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, inasafirishwa kama magunia ya korosho. Njia ziko mbili. Moja wanaiita TCP. Hiyo kila gunia lina namba, na ghalani hawafungui la sita mpaka la tano lifike. La tano likianguka njiani, wanarudi kulitafuta, na mengine yote yanasimama kwenye foleni yakingoja. Hakipotei kitu. Nyingine ni UDP. Hiyo magunia yanakuja mbio, yaliyofika yanafunguliwa papo hapo, lililoanguka limeanguka."

"Na wewe unataka hiyo ya kuangusha?"

"Korosho zinaweza kungoja, Bibi," Joshua akadakia. "Mtu anayeongea hangoji."

Bibi alisema anataka kuujaribu mtambo kwa kitu anachokijua. Hamisa asome Alhamdu kutoka huko aliko.

Hamisa akasoma. Sauti ilitoka safi kwenye spika, karibu kama yuko chumba cha pili, mpaka ilipofika aya ya tatu. Hapo ikakatika kidogo, kama mtu aliyejikwaa, ikaendelea. Kilichopotea hakikuzidi silabi moja. Mtu mwingine asingetambua. Bibi Mwanaisha, aliyefundisha watoto wa mtaa mzima Alhamdu kwa kiboko cha mpera, alitambua.

"Imekatwa," akasema.

"Bibi, ni kidogo tu..."

"Aya haina kidogo. Ndoa ya mjukuu wangu haipiti kwenye mtambo unaokata Alhamdu. Weka ile isiyopoteza."

Joshua akamtazama Asadi. Asadi akaangalia mkeka. Alijua la kusema, na angelisema mbele ya mwanafunzi yeyote wa kompyuta bila kupepesa macho. Lakini amelelewa katika nyumba ambayo herufi ya Kurani ikianguka mtu anarudia kuanzia mwanzo, na maneno ya ndoa nayo ni amana. Akajiuliza, likipotea neno moja la baba, nani atabeba? Akabadili njia. Wakajaribu tena, Alhamdu ikafika yote, haina pengo, imechelewa kidogo tu kiasi ambacho hakuna aliyekijali. Bibi akaridhika na kwenda kuangalia mchele.

"Saa hizi mtandao hauna watu," Joshua akanong'ona. "Ngoja saa ya kuona wagonjwa."

"Itakuwa sawa."

"Haya. Baba ni wako."

*

Alasiri uwanja ulijaa. Wanaume walikaa mikekani chini ya turubai, wanawake wakawa ndani na dirishani. Bwana harusi, Yusufu, kijana mpole anayeuza vipuri vya pikipiki Mikindani, alikuwa amevaa kanzu na koti, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Kulia kwake aliketi ami yake, Mzee Mustafa, mtu mwenye sauti kubwa ambaye hajawahi kuona sababu ya kuipunguza. Sheikh Bakari alimkabili Yusufu, akamshika mkono, na simu ikawekwa juu ya mto katikati yao, mahali ambapo goti la Mzee Abdulmalik lingekuwa. Spika ya madrasa ilisimamishwa juu ya kigoda.

Kule Dar es Salaam nako ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Wodi nzima imejaa watu, na kila mtu ana simu; huyu anamwonyesha mgonjwa kwa ndugu walioko Tabora, yule anamwonyesha mjukuu kwa mgonjwa. Katikati ya msongamano huo Hamisa alimwinua mumewe, akamwekea mto mgongoni na simu karibu na midomo.

Hutuba ikasomwa. Sheikh akasema, "Mzee Abdulmalik, bismillahi."

Kimya.

Watu wakaitazama simu. Mtoto mmoja akapiga chafya na mama yake akamfinya. Kimya kikazidi kuwa kirefu, mpaka Mzee Mustafa akajikohoza kwa namna ya mtu anayetaka ijulikane kuwa amejikohoza. Kisha spika ikasema, polepole, kwa mnong'ono uliokwaruza:

"Nimekuozesha binti..."

Ikakwama. Yusufu alingoja. Alitazama sheikh, akatazama simu, akaona mamia ya macho, na akili yake ikamwambia kuwa mtandao umekula yaliyobaki na zamu ni yake.

"Nimekubali kumuoa Subira binti Abdul..."

"...yangu Subira, kwa mahari mliyoafikiana," spika ikaendelea juu yake, na kabla hajafunga mdomo ikaanza upya, "Nimekuozesha binti yangu..." halafu kikohozi, halafu kimya, halafu kikohozi tena.

"Nimekubali!" Yusufu akasema kwa nguvu.

Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana, kikapita chini ya turubai lote, kikaingia dirishani kwa wanawake. Yusufu akainamisha kichwa. Masikio yake yaliwaka.

Mzee wodini hakujua lolote kati ya haya. Yeye alisema maneno yake, akangoja jibu, jibu halikuja. Akamtazama mkewe kwa macho ya kuuliza: amekataa? Akasema tena. Katikati ya kusema, kutoka kule mbali ikamfikia "Nimekubali" isiyo na kichwa wala miguu, na mwisho wake kicheko cha watu. Akanyamaza.

Sheikh Bakari aliinua mkono. "Basi kwanza. Kabuli ya kukubali imeingia katikati ya ijabu ya kuozesha, na bwana harusi amejibu kikohozi. Mmoja aseme mpaka amalize, mwenzake ajibu palepale, mashahidi wasikie. Hapa mimi sijui nani kamjibu nani."

"Sheikh," Mzee Mustafa akasema, na turubai zima likasikia, "sisi tumekuja kuoa. Hatukuja kusikiliza redio mbovu. Nyumba za watu mtoto wa kiume analeta mbuzi. Huyu katuletea waya."

Wengine wakacheka tena, safari hii chinichini. Asadi alitamani ardhi ipasuke. Hakuumia kwa ajili ya waya. Aliumia kwa sababu alijua, na alikuwa amejua tangu asubuhi.

Sauti ya Hamisa ikafika, imechelewa: "Sheikh, hana sauti ya kuchezea. Leso ina damu. Labda mara moja tena, mara mbili ni kumwonea."

Pazia la dirisha likasogea. Bibi harusi hapaswi kusikika siku hiyo, lakini Subira alisikika. "Kaka Asadi, mwambie baba amteue wakala. Mimi nimeridhika. Asijiumize kwa ajili yangu."

Neno lile lilikwenda Dar es Salaam kwa foleni yake, likafika, na baada ya kimya kirefu jibu likarudi kwa foleni hiyo hiyo.

"Mimi sijaridhika," akasema Mzee.

*

Asadi alisimama. Hakupanga kusimama, alijikuta tu amesimama, na kwa kuwa watu wote walikuwa wamekaa, ikambidi aseme.

"Sheikh, kosa ni langu. Nimeweka njia isiyopoteza neno hata moja, ndiyo maana inachelewa. Neno likidondoka inarudi kuliokota, na yaliyo nyuma yanasimama. Ipo njia isiyochelewa. Nikiiweka, baba atasikika anaposema, na Yusufu atasikika anapojibu. Lakini neno linaweza kupotea lisirudi."

"Yote?" Sheikh akauliza.

"Si yote. Kila kipande nitakibebesha nakala ya kile kilichotangulia. Kimoja kikianguka, kinachofuata kinacho. Vikianguka vingi kwa mfululizo, hapo sina la kufanya."

Sheikh Bakari alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hadharani, bila haya, hata watu wakimngoja. "Kikipotea, tutajua kimepotea? Au mtambo utatuzibia utufanye tuamini kimefika?"

"Tutajua, Sheikh. Litakuwepo pengo."

"Basi pengo likiangukia jina au kukubali, mimi mwenyewe nitamwomba mzee arudie hicho kimoja. Likiangukia pengine, maana imefika, mashahidi wamefahamu. Ndoa haitaki herufi, inataka watu wawili wasikilizane kwa wakati mmoja." Akageuka dirishani. "Mama yetu Mwanaisha, unasemaje? Naambiwa wewe ndiye uliyeikataa."

Kila mtu alimjua Bibi Mwanaisha. Vijana walijiandaa.

"Alhamdu nitaisoma mwenyewe," Bibi akasema kutoka ndani. "Huyo mwanangu asikike. Mkimnyamazisha tena mtanijua."

Joshua alikuwa ameshafungua kompyuta. Asadi akapiga magoti karibu naye, akakosea nywila, akarudia. Mzee Mustafa aliuliza kama kuna chai. Wakaiacha foleni, wakaunganisha upya. Sauti ya wodi ikaingia uwanjani ghafla na uhai wake: kitanda kinalia, muuguzi anasema "wageni jamani, muda unaisha", na karibu kabisa, mtu anahema.

"Mzee Abdulmalik," Sheikh akasema, "unanisikia?"

"Nakusikia," ikajibu pumzi ile, mara moja, kana kwamba yuko mkekani. Watu wakashtuka. Yusufu akakaa wima.

"Bismillahi."

"Nimekuozesha binti yangu Subira," Mzee akasema. Likapita pengo dogo, dogo sana, kama lile la Hamisa asubuhi. Asadi alifumba macho. "...mahari mliyoafikiana."

Lililodondoka lilikuwa "kwa". Sheikh aliwatazama mashahidi, wakaitikia kwa kichwa, akambana Yusufu mkono.

"Nimekubali kumuoa Subira binti Abdulmalik, kwa mahari hayo," Yusufu akasema, safari hii polepole, akiitazama simu kama anayemtazama mtu usoni.

Wodini Mzee alisikia kila neno lilipokuwa linatamkwa. Hamisa aliona mabega yake yakishuka.

"Mmesikia?" Sheikh akauliza.

"Tumesikia."

Vigelegele vililipuka ndani ya nyumba, vikatoka dirishani na mlangoni. Mzee Mustafa, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na njaa, alimkumbatia Asadi na kumwambia waya wake mzuri. Kwenye kompyuta Asadi aliona alama nyekundu zikipangana: vipande vimepotea, vingi, kwa mfululizo, kutoka upande wa Dar es Salaam. Mtandao wa wodi ulikuwa umeelemewa tena. Alitega sikio kwenye spika, akasikia mkwaruzo, kisha hakusikia kitu. Akasema moyoni, bahati, kilichotakiwa kimeshapita. Akazima.

*

Mzee Abdulmalik alirudi Rahaleo wakati mabibo yameanza kuiva. Alikuwa amekonda, shingoni amefunga kitambaa cheupe juu ya tundu analopumulia, na watoto walikatazwa kulitazama, kwa hiyo walilitazama sana. Alipotaka kitu alipiga kofi. Alipokataa, alipunga mkono. Watu walizoea upesi, isipokuwa Bibi, ambaye kila asubuhi alimsalimia na kungoja jibu, kisha anakumbuka.

Jumapili Subira na Yusufu walikuja kumwona kutoka Mikindani. Walikaa ukumbini wote. Bibi akawa anamtania Yusufu kuwa amewahi kukioa kikohozi, na Yusufu, ambaye sasa alikuwa mtu wa nyumbani, akacheka kuliko wengine. Asadi naye alikuwa amenenepa kwa sifa. Tangu ndoa ile hakuna aliyemuuliza tena kazi yake ni nini, walimuuliza inalipaje.

Hamisa alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mlivyopiga vigelegele siku ile, hata hamkumjibu baba yenu."

"Kumjibu nini, mama?" Subira akauliza.

"Si alisema neno? Yusufu alipokubali tu, akasema tena. Kwa nguvu zake zote za mwisho. Nikangoja mseme kitu, kimya. Akanitazama. Nikamwambia ni mtandao." Akapeperusha ungo. "Tena baada ya hapo hakusema kitu. Asubuhi wakamchukua."

Asadi aliziona upya zile alama nyekundu. Neno la mwisho la sauti ya baba yake lilikuwa limepita katika mikono yake, na yeye alisema bahati, akazima.

"Ni mimi," akasema. "Nilibadili njia. Ningebaki na ile isiyopoteza, lingefika."

"Lingefika lini?" Yusufu akauliza kwa upole. "Na mimi ningekuwa nimemuoa nani?"

Ilikuwa kweli, na ukweli huo haukumsaidia Asadi. Machozi yalikuwa yanamlenga, mtu mzima, mbele ya shemeji yake.

Subira alikuwa anamtazama mama yake. "Alisema nini?"

"Atasema nini huyu? Aliuliza, Subira amekula?"

Bibi Mwanaisha alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Mzee Abdulmalik, kwenye kiti chake, alitazama pembeni kama mtu aliyefumaniwa akifanya jambo la kitoto.

Subira aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Siku ile sikula, baba," akasema. "Nilishindwa. Chakula kilikuwa hakipiti. Leo nimekula."

Mzee akamtazama sana. Halafu midomo yake ikafunguka, ikafanya neno moja fupi bila sauti yoyote, hata ya pumzi, kwa kuwa pumzi sasa zilipita kwingine. Kila mtu ukumbini alilisoma, lakini lilikuwa la Subira kulijibu.

*Nini?*

"Ugali wa muhogo, baba, na pweza," Subira akasema palepale.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akapiga kofi, akamwonyesha mkewe jikoni kwa kidole, wapewe chakula na hawa wengine.